Kwanza Andika Tarehe

Hotuba ya daktari wa mifugo kwa wafugaji wa mbwa, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Moshi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wetu wa Kata, wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi watoto mlioshika kamba huku mbwa ndio wanaowatembeza: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika ishirini wakati wenzangu wanapanga meza na kuandika kadi. Nilitakiwa nizungumzie kichaa cha mbwa, na nitafika huko. Lakini tangu asubuhi nimevutwa pembeni na watu watatu, kila mmoja kwa siri kama anayetaka kukopa hela, na wote wameniuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Dokta, mbwa wangu kapandwa na haya makoko ya mtaani. Nifanyeje?" Kama watatu wameuliza, thelathini wamenyamaza. Ngoja niwajibu kwa pamoja, na msione aibu. Aibu yangu mimi ni kubwa zaidi.

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Nina mbwa jike anaitwa Nyota. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi nilirudi nyumbani nimechoka, nimetoka Kibosho kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nyota alikuwa kwenye joto, yaani zile siku za jike kutokwa damu na kutaka dume, siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili, na siku zote hizo nilikuwa nimemfungia bandani usiku na mchana. Nikaingia nikampa chakula chake, nikatoka, komeo nikalisahau. Si watoto, si dada wa nyumbani. Ni mimi, mwenye cheti cha Chuo Kikuu cha Sokoine ukutani.

Saa kumi na mbili asubuhi jirani akagonga geti. Ni mzee wa msikitini, mbwa hafugi, lakini ujirani wake ni wa dhahabu. Akaniambia ametazama pembeni: "Dokta, njoo umchukue mtu wako. Wako pale kwenye kona, na watoto wa shule wanapita."

Nikatoka na bukta na gambuti. Nikawakuta wamenasana, Nyota huku na dume kule, mgongo kwa mgongo. Wanafunzi wana mawe mkononi. Dada mmoja amekuja na ndoo ya maji. Kijana mwingine ana fimbo, ananiuliza kwa heshima kabisa kama aanze.

Hapo nataka tusimame kidogo, kwa sababu hii picha kila mmoja wetu anaijua, na wengi wetu tulirusha mawe tulipokuwa wadogo. Mbwa hawanasani kwa uchafu wala kwa kurogwa. Dume ana sehemu kwenye uume wake ambayo huvimba ikiwa ndani, na jike naye hubana. Uvimbe ule unahitaji muda kushuka: dakika tano, dakika thelathini, mara nyingine karibu saa nzima. Ukiwavuta unawachana, jike kwa ndani na dume vilevile. Nimeshashona majeraha ya namna hiyo. Halafu hupati faida yoyote, kwa maana mbegu zenyewe hutoka mapema. Wakati wewe unaleta ndoo, kazi imeshakwisha. Kinachoendelea pale ni majimaji tu ya kuzisukuma mbele.

Kwa hiyo nilichuchumaa. Dakika ishirini nimechuchumaa kwenye kona ya barabara, nimemshika Nyota kichwa asiburutwe, wanafunzi wamenizunguka kama kwenye mchezo wa sarakasi. Walipoachana nikamshika kola, nikaingia ndani, na kitu cha kwanza nilichofanya kabla sijanywa hata chai ni kuchukua kalamu na kuandika kwenye kalenda ya parokia pale sebuleni: *Nyota, 4/3.*

Ndugu zangu, kama mtasahau mengine yote, hili mlishike. Andika tarehe. Mtu akiniletea mbwa mwenye tumbo na tarehe, tunakaa tunazungumza. Akiniletea mbwa mwenye tumbo na maneno "ni kama mwezi hivi, au miwili", mimi na yeye wote tunapapasa gizani. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, miezi miwili na siku chache. Hapo hakuna nafasi ya "kama mwezi hivi".

Kitu cha pili nilichofanya ni kufunga komeo. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea mara ya pili. Anasema, ameshapandwa, maji yakimwagika hayazoleki, acha tu azurure. Ni kweli hayazoleki, lakini bomba bado liko wazi! Mbwa jike hukubali dume kwa siku nyingi, kwa wastani kama siku tisa. Mayai yake yakitoka huhitaji siku mbili tatu kukomaa, na mbegu za dume huishi ndani yake karibu wiki. Ndiyo maana mbwa mmoja anaweza kuzaa watoto wa baba wawili au watatu kwa mkupuo. Umeona mara ngapi uzao mmoja, huyu mweusi mwenye manyoya marefu, huyu wa kahawia kama ngozi ya swala, na yule masikio yamesimama kama ya mbwa wa polisi? Si miujiza. Ni geti.

Na tukiwa kwenye joto, kuna imani moja imeniletea wagonjwa wengi. Mtu akiona damu anamfungia mbwa wake vizuri sana. Damu ikipungua, ikawa ya maji maji kama maji ya kuoshea nyama, anafurahi, anasema imekwisha, anamfungulia. Mzee wangu, hapo ndipo ilipoanza! Siku zile za damu nzito, kama siku tisa za mwanzo, madume wanajaa getini lakini jike mwenyewe anawang'ata. Damu inapofifia na mkia ukaanza kukaa pembeni ukimgusa kiunoni, ndipo anapowataka. Hesabu wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, kisha ongeza siku chache za tahadhari. Na desturi yetu ya kufunga mbwa mchana na kufungua usiku, kwa wiki hizo tatu isahau. Mwizi akija, utaamka mwenyewe.

Wenye madume naona mnacheka. Dume lako lililoruka ukuta wa jirani nalo lina mwenyewe.

Sasa, yamekwisha kutokea. Asubuhi ya kwanza mtu anafanya nini? Anakimbilia dukani. Na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mbwa wake mdogo mweupe, Popi. Wiki tano kabla, Popi alipandwa, na mtu mmoja wa duka la dawa akamwambia mama kuna sindano ya kusafisha. Akampiga. Mama akarudi nyumbani moyo mweupe. Wiki ya nne Popi akaanza kunywa maji. Anakunywa sufuria nzima, anakojoa, anakunywa tena. Akaacha kula, akawa anatapika. Nilipomfungua tumbo, kizazi kilikuwa kinene kama soseji kubwa, kimejaa usaha. Alipona, lakini ilikuwa bahati, na mama alilipa mara tatu ya ambayo angelipa tangu mwanzo.

Usaha kwenye kizazi huweza kumpata mbwa yeyote jike aliyekomaa, wiki kadhaa baada ya joto, hata ambaye hakupandwa. Lakini sindano za homoni za estrojeni, hizi wanazoziita za kusafisha, huuongeza sana. Zaidi ya hapo huweza kuua uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na mbwa akafa wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kuwa alichomwa. Sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama nayo si ya mbwa: inakaribisha usaha huo huo na uvimbe kwenye matiti. Vidonge vya kutoa mimba vya binadamu usivijaribu, wala mitishamba ya jirani, wala chumvi, wala pilipili. Na ukiona mbwa jike anakunywa maji kupita kawaida mwezi mmoja au miwili baada ya joto, usingoje Jumatatu.

Mbona ninawaambia msikimbilie dukani? Kwa sababu muda mnao. Hili watu hawaamini. Siku ya kwanza hakuna anayeweza kukwambia kama mbwa ana mimba, hata kama ana mashine za Ulaya. Kupandwa si kushika. Kuna kijana aliniletea kile kijiti cha kupimia mimba, amekichovya kwenye mkojo wa mbwa, mstari mmoja, amefurahi. Nikamwambia, mwanangu, kile kinatafuta homoni ambayo mwanamke mjamzito huitoa na mbwa hana kabisa. Ungechovya kwenye mkojo wa jogoo ungepata jibu hilo hilo. Mbwa wake alizaa sita.

Vipimo vya kweli vina siku zake. Kuanzia siku ya 25 hivi, ultrasaundi huonyesha vifuko na mioyo inayopigapiga. Kati ya wiki ya tatu na ya tano, mkono uliozoea unaweza kuhisi vitu kama gololi zilizopangwa kwenye soksi; baada ya hapo vinaungana na mkono haujui tena. Kipimo cha damu kipo pia, kinaanza kusema ukweli karibu na wiki ya nne. Eksirei huona mifupa baada ya siku ya 45, na ukingoja mpaka 55 unaweza kuhesabu vichwa, jambo zuri, maana unajua ni wangapi unaowasubiri usiku wa kuzaa. Kila kipimo hapo kinauliza swali moja kwanza: alipandwa lini?

Ikithibitika ana mimba na huitaki, njia ninayoiamini kwa mbwa wengi wa hapa kwetu ni upasuaji wa kufunga kizazi. Analazwa kwa nusukaputi, tunatoa kizazi pamoja na mifuko ya mayai, na mimba inakwenda nacho. Joto halirudi tena, na ugonjwa wa Popi haumpati. Mimi hupenda kuufanya wiki ya nne hivi, kabla mishipa ya kizazi haijanenepa. Kadiri siku zinavyokwenda damu inakuwa nyingi na hatari inaongezeka, ndiyo maana sipendi kuletewa mbwa wa siku ya 50 naambiwa "Dokta tusaidie". Kuna pia dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, inayozuia homoni ya kushikilia mimba, inachomwa mara mbili, saa 24 kati ya moja na nyingine. Ulaya wanaitumia. Mimi hapa sina, na anayekuuzia kitu kwa jina hilo kwenye kichupa kisicho na lebo, mkimbie.

Kuna wanaoniambia hiyo ni dhambi. Sibishani na dhamiri ya mtu, nami hulala vizuri zaidi nisipolazimika kuifanya kazi hiyo. Basi kama moyo wako umekataa, wapokee hao watoto wote, tangu tumboni mpaka wapate kwa kwenda. Usiniambie ni dhambi kuwatoa, halafu siku ya tatu baada ya kuzaliwa nikakuta kiroba kinalia jalalani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, lakini hata bila sheria, kiroba kile nimekifungua kwa mikono yangu, na sitaki kukisimulia mbele ya watoto hawa.

Anayeamua kulea, nitamwambia machache. Wiki tano za mwanzo asiongezewe chakula kama mama mjamzito wa ukweni, atanenepa bure na kuzaa kwa shida. Kuanzia ya sita ndipo uongeze, mara nyingi kidogo kidogo, na dagaa waonekane, si ukoko mtupu. Dawa ya minyoo ya mbuzi uliyobaki nayo usimpe. Albendazole, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuharibu mimba. Uliza ya mbwa wajawazito. Mtafutie boksi au kona tulivu wiki mbili kabla. Joto la mwili, ambalo kawaida ni 38 mpaka 39, hushuka karibu digrii moja siku moja kabla ya kuzaa. Kipimajoto cha dukani kinatosha, kipake mafuta na kipime nyuma.

Usiku wa kuzaa, mambo matatu yakunyanyue kitini unipigie simu. Anasukuma kwa nguvu nusu saa mpaka saa nzima na hakuna kitu. Au zimepita saa mbili na unajua bado wengine wamo. Au umeona uchafu wa kijani kibichi kabla hata mtoto wa kwanza hajatoka. Rangi ile inatoka kwenye kondo la nyuma, inamaanisha mtoto mmoja ameshabanduka na hana hewa. Baada ya mtoto wa kwanza, kijani ni kawaida, usinishtue. Na katika wiki za kunyonyesha, hasa mbwa wadogo, akianza kutetemeka, kuhema na kutembea kama mlevi, kalsiamu imemwishia kwenye damu. Watoe watoto kwenye titi, mlete mbio.

Nimesahau jambo, samahani, nalirudia. Mbwa aliyepandwa na koko, wiki au miezi baadaye akawa anadondosha damu matone matone, msiseme tu "joto limerudi". Mtazame vizuri. Kuna uvimbe mwekundu kama koliflawa, ni saratani inayohama kwa mbwa kupandana, chembe zenyewe za saratani zinatoka mwili mmoja kwenda mwingine. Inatisha kuisikia, lakini inatibika vizuri kwa sindano za kila wiki. Ninaiona hapa mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Sasa kichaa, kama nilivyoahidi. Tunapochanja, tunalenga mbwa 70 katika kila 100, kwani tukifika hapo kirusi kinakosa pa kupita. Leo tukichanja vizuri tutafika. Miezi sita ijayo, majike ya mtaa yakishazaa mara moja tu, wale 100 wamekuwa 150 na hamsini wapya hawana kinga yoyote, wako jalalani wanacheza na watoto wetu. Sindano yangu ya leo inafutwa na komeo lililosahauliwa Machi. Kwa hiyo hata vitoto vya wiki chache vileteni mezani, tutavichanja, na mwakani mvilete tena.

Mtaniuliza Nyota alizaa wangapi. Tarehe 1 Aprili, siku ya 28 kwenye kalenda ya parokia, nilimpapasa tumbo. Sikuhisi kitu. Nikawatangazia watoto kuwa hakuna mimba. Kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga, hawakuniamini.

Ikafika mwisho wa Aprili. Nyota akaanza kuchimba shimo nyuma ya banda. Matiti yakajaa, ukiyabonyeza maziwa. Akachukua ndala ya mke wangu, ya mguu wa kushoto, akaipeleka kwenye boksi la maandazi, akailalia, na ukisogea anakunguruma. Binti yangu akaniambia, "Baba, wewe ni daktari wa ng'ombe." Nikaanza kujishuku kweli. Tarehe 2 Mei nikampakia kwenye gari nikampeleka kwa mwenzangu, tukampiga eksirei. Mifupa iliyoonekana ni ya Nyota peke yake, na ya kuku aliyemla.

Ile ni mimba ya uongo. Mbwa jike baada ya joto, awe na mimba au asiwe nayo, homoni zake hupanda na kushuka karibu sawasawa kwa miezi miwili, na zikishuka mwili wake unaamini amezaa. Si ugonjwa, si jini. Hatukumkamua, maana ukikamua maziwa unayaita zaidi. Ndala tuliichukua usiku akiwa amelala. Baada ya wiki mbili tatu maziwa yakakauka, nikangoja tena mpaka Julai, kwa sababu ukimpasua akiwa na maziwa anaweza kubaki nayo muda mrefu. Kisha nikamfunga kizazi mimi mwenyewe, binti yangu akishika taa. Na wale wanaosema mbwa lazima azae japo mara moja ndipo afungwe, hakuna kitu kama hicho. Nyota hajazaa hata mara moja, na leo yuko nyumbani analinda geti. Komeo nimelifunga, nimehakikisha mara mbili.

Naona kadi ziko tayari, na barafu kwenye kile kisanduku cha chanjo haitungoji. Tupange foleni. Mbwa wakali waanze, wenye mnyororo wafupishe. Majike walio kwenye joto wabaki kule nyuma ya mwembe, wenyewe mnajijua. Nitawafuata huko huko na sindano. Na wewe kijana mwenye dume la kahawia, tafadhali zungusha kamba mara mbili mkononi, ameshaanza kunusa upande wa mwembe.